Mabamba kwa mtumbwi: jinsi ya kwenda kumwona korongo-nyangumi pembezoni mwa Kampala

Mpiga kasia alinyoosha kafi kuelekea maji meusi kando ya mafunjo, akasema kwa Kiganda kilichotiwa Kiswahili cha kubahatisha: "Hapa mmamba ni wengi nnyo." Mimi ni mtu wa Mwanza. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba kwenye maji yenye mamba hunawi hata mikono. Niliurudisha mkono ndani ya mtumbwi kama niliyeunguzwa na chai, na wenzangu wawili wakaangua kicheko kwa kuwa wao walikwishaambiwa. Mmamba wa Waganda ni kamongo, yule samaki mrefu mwenye mapafu tunayemjua sote tuliokulia kando ya Ziwa Victoria. Mamba wetu mwenye meno wao humwita goonya.

Nimeanza na kamongo kwa sababu safari yote inamtegemea yeye. Kamongo hukaa katika maji ya kinamasi yaliyotuama, yenye hewa haba, na kila baada ya muda hana budi kupanda juu kuvuta pumzi. Korongo-nyangumi, yule ndege tunayemfuata, analijua hilo. Husimama kando ya kijidimbwi kilicho wazi kati ya majani, domo limeinamia maji, akamsubiri. Anaweza kusimama hivyo muda mrefu hata ukadhani ni kisiki. Kwa hiyo anayetaka kumwona anatakiwa afike mapema, akae kimya, naye asubiri. Mengine yote nitakayoeleza hapa ni nauli na viatu.

Hatua ya 1: Jua unakokwenda

Mabamba ni ghuba ya kinamasi ya Ziwa Victoria, magharibi ya rasi ya Entebbe, katika wilaya ya Wakiso ambayo imeizunguka Kampala kama mkeka ulivyokizunguka kinu. Ni hekta 2,424 za mafunjo, matete, yungiyungi na mikondo myembamba ya maji. Tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Ramsar, ule mkataba wa ardhi oevu uliotiwa saini Iran mwaka 1971.

Usiichukulie kama hifadhi ya taifa. Hakuna geti kubwa wala askari wa wanyamapori wa kukukagua, na kibali ulichonunua kwa ajili ya mbuga nyingine hakikusaidii kitu. Wanaokupokea ni wenyeji wa pale pale mwaloni, mahali mitumbwi inapofikia nchi kavu, na wengi wao walikuwa wavuvi au ni watoto wa wavuvi. Wanaendelea kuvua, kukata mafunjo na kuteka maji humo humo. Wewe ni mgeni katika shamba la mtu, ila shamba lenyewe ni la maji.

Kuna jambo la zamani watakusimulia ukiuliza vizuri. Wavuvi waliamini kwamba ukikutana na korongo-nyangumi asubuhi, siku hiyo nyavu zitarudi tupu. Kwa imani hiyo walikuwa wakimfukuza na hata kumuua. Ukifikiri, imani ile haikutoka hewani: ndege na mvuvi walikuwa wakimgombea kamongo yule yule kwenye kijidimbwi kile kile. Siku hizi mtu akimwona asubuhi anapiga simu kwa mwenzake aliye na wageni.

Mjue na ndege mwenyewe kabla hujafika. Ni wa kijivu mwili mzima, kijivu cha majivu ya mkaa chenye samawati kwa mbali. Akisimama anafika kifuani mwa mtu mzima au zaidi, kama mita 1.2 hivi, na akifungua mabawa hupita mita 2.3. Domo ndilo kituko chake: pana, limevimba, lina ncha iliyopinda kama ndoano, mfano wa kiatu cha mti. Waarabu wa Sudan humwita Abu Markub, yaani mwenye kiatu. Wataalamu walimpa jina la Kilatini Balaeniceps rex mwaka 1850, mfalme mwenye kichwa cha nyangumi, na jina letu la Kiswahili linatokana na hilo. Korongo halisi hata si ndugu zake wa karibu. Vipimo vya vinasaba vinamweka jirani na mwari na fundichuma.

Duniani wanakadiriwa kubaki ndege waliokomaa 3,300 hadi 5,300 tu, wakiwa wametawanyika kutoka vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini hadi Bangweulu nchini Zambia. Tanzania tunao Malagarasi-Muyovozi, lakini kufika kule ni msafara wa gari na mafuta ya akiba. Mabamba unafika kwa taksi na bodaboda.

Hatua ya 2: Chagua siku, halafu chagua saa

Korongo-nyangumi yupo mwaka mzima, kwa hiyo usiahirishe safari kwa kungoja msimu. Ila mvua zina lake. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Septemba hadi Novemba huigeuza njia ya udongo kuwa tope jekundu, na bodaboda anayekwambia "tunapita tu" huwa anajiambia mwenyewe.

Kwa ndege wengine msimu una maana. Kati ya Novemba na Machi wanakuwepo wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba wapo mbayuwayu wa rangi ya buluu iliyoiva, wenye mkia wa nyuzi mbili ndefu. Hao huzaliana katika nyanda za juu za kusini mwa Afrika, zikiwemo zetu za Kitulo, kisha baridi ya kusini ikikaza wanahamia kandokando ya Ziwa Victoria. Mtu wa Njombe anaweza kwenda hadi Mabamba akakutana na jirani yake.

Kuhusu saa sina mjadala. Jua la Kampala huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache, mwaka mzima. Uwe umekaa ndani ya mtumbwi saa moja. Asubuhi ziwa limelala, upepo haujaamka, ndege wanakula. Ikifika saa nne jua linakuwa kali, maji yanamulika macho, na picha zote zinatoka zimepauka. Mchana upepo wa ziwa huanza, na mtu yeyote aliyewahi kuvuka kwenda Ukerewe kwa mtumbwi anajua ziwa la mchana si lile la asubuhi.

Epuka Jumamosi na Jumapili ukiweza. Ndege ni mmoja, mitumbwi ikiwa minane inakuwa harusi.

Hatua ya 3: Lala karibu

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea mara ya kwanza. Nililala katikati ya Kampala, karibu na Kikuubo nilikokuwa na shughuli zangu za mzigo, nikajiambia nitaondoka alfajiri. Niliondoka alfajiri kweli. Foleni nayo ilikuwa imeamka. Nilifika mwaloni saa nne na robo, jua limeshika utosi, na nilichomwona siku ile ni mgongo wa kijivu ukizama nyuma ya mafunjo kwa mbali. Nililipa pesa ile ile anayolipa aliyemwona usoni.

Lala Entebbe, Kasanje au Mpigi, kutegemea unakotokea. Njia ni hizi.

Ukitokea Kampala kwa nchi kavu, shika barabara ya Masaka hadi Mpigi, kisha kata kushoto kuelekea Kasanje, na kutoka Kasanje uende mwaloni Mabamba kwa bodaboda. Kumbuka kwamba Uganda "taksi" ni kile tunachoita daladala, na Wakenya matatu. Gari dogo la kukodi peke yako linaitwa "special". Ukisema unataka taksi utaonyeshwa Hiace yenye watu kumi na wanne, nao hawatakuwa wamekukosea.

Ukitokea Entebbe una raha zaidi. Shuka Nakiwogo, mwalo ulio upande wa magharibi wa mji. Kuna kivuko kinachokwenda ng'ambo, Buwaya. Ukifika Buwaya unachukua bodaboda kupitia Kasanje. Tatizo lake ni saa: kivuko kina ratiba yake, hakijui kwamba wewe unamfuata ndege. Kwa hiyo ama vuka jioni ulale upande wa pili, ama kodi boti ya injini ikupeleke Mabamba moja kwa moja kutoka Nakiwogo. Boti ni ghali, na mkiwa watatu au wanne inagawanyika. Unaanza kuona ndege kabla hata hujafika.

Ukitokea Bukoba au Mwanza kwa basi, usiende hadi Kampala halafu urudi. Basi linapita Mutukula, linapita Masaka, linavuka ikweta pale Kayabwe penye yale maduara meupe ya watu kupigia picha. Ukiyaona maduara anza kukusanya mizigo, maana Mpigi iko mbele kidogo. Mwambie kondakta mapema, na umkumbushe tena, kwa sababu huwa amelala.

Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza. Kinachoulizwa mpakani ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabika kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiichome stendi ya basi asubuhi ya safari.

Hatua ya 4: Mfuko

Darubini, hata ya kuazima. Namba zilizoandikwa juu yake, kwa mfano 8x42, maana yake ni hii: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kikiwa kipana kinaingiza mwanga zaidi, na alfajiri mwanga ndio unaoutafuta. Usidanganyike na za 12 au 16. Ndani ya mtumbwi unaotikisika picha inacheza hadi kichwa kinauma. Nane inatosha kabisa. Ukiwa na simu, weka jicho la kamera kwenye kioo cha darubini, shika pumzi, piga. Kati ya picha ishirini utapata mbili za kuwaonyesha watu.

Kofia yenye ukingo, sweta jepesi la asubuhi, koti la mvua, maji ya kunywa. Nguo za rangi za kufifia. Shati la njano acha kwa ajili ya mpira. Mfuko wa nailoni wa kuzungushia simu. Viatu vya kuvulika kwa urahisi, ila usiviache ukakanyaga maji: Ziwa Victoria lina kichocho, na kinamasi chenye konokono ndipo kinapokaa. Jioni chandarua ni lazima, maana mbu wa pale wana nidhamu, huja kwa saa.

Pesa beba taslimu, tena noti ndogo ndogo. Shilingi ya Uganda ina tarakimu nyingi, hasa kwa Mkenya, hivyo pigia hesabu usiku ukiwa umetulia, si mbele ya bodaboda.

Na kabla ya kutoka ulipolala, nenda msalani. Ndani ya mafunjo hakuna kichaka.

Hatua ya 5: Mwaloni

Ukifika, salimia kwanza. "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, na "weebale" ni ahsante. Kiswahili utapata wanaokisikia, lakini usikimimine kwa kasi. Kwa miaka mingi Buganda waliisikia lugha hii midomoni mwa askari, na wazee wengine bado wanakunja uso. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, ila uso haukunjuliwi kwa azimio. Ukianza na Kiganda cha maneno matatu, wenyewe watakuhamishia kwenye Kiswahili.

Malipo fanyia pale ofisini kwao, uandikwe kitabuni, upewe mwongozaji. Usikubali kijana wa kukupokea njiani anayedai ana mtumbwi wake pembeni kwa nusu bei. Pengine ni mkweli, lakini mtumbwi huo hauna zamu, na wenye zamu hawatamwambia ndege alionekana wapi. Taarifa ndiyo unayoinunua. Asubuhi wavuvi wanaotoka majini wanapeana habari na waongozaji kwa simu, na siku nzuri au mbaya huamuliwa hapo.

Mtumbwi hukodiwa mzima, hauhesabiwi kwa kichwa. Kama uko peke yako, subiri dakika kumi uone kama kuna mwingine wa kugawana naye, ila chagua mtu wa kugawana naye. Mwenye watoto wawili wa miaka mitano na pakiti ya bisi, mwache aende zake kwa amani.

Uliza mambo mawili kabla ya kupanda. La kwanza, jaketi okozi, au laifujaketi kama tunavyosema Mwaloni Kirumba: livae, lifunge, hata kama unajua kuogelea. Kuogelea kwenye mafunjo hakuna. La pili, kasia au injini. Injini inafaa kuvuka maji ya wazi. Ukiingia kwenye mikondo ya kinamasi, sema unataka kasia. Waongozaji wazuri huzima wenyewe bila kuambiwa, na hiyo ni njia mojawapo ya kuwajua.

Hatua ya 6: Majini

Dakika ishirini za kwanza usimtafute korongo-nyangumi. Nasema hivi kwa sababu niliwaona wenzangu wakikodoa macho kwenye upeo mpaka shingo zikakaza, huku pembeni ya mtumbwi, mkono ukinyooshwa, kulikuwa na mdiria mdogo wa buluu na machungwa amekaa juu ya ubua wa matete akilipiga dagaa wake kwenye tawi. Kinamasi kinakuzoesha macho polepole. Waganda wana neno tamu la kufanana na letu, "mpola mpola".

Tazama majani ya yungiyungi. Kuna ndege wa kahawia mwenye paji la uso la samawati, vidole vyake virefu kama buibui, anayetembea juu ya majani bila kuzama. Baba ndiye anayelea vifaranga, na hatari ikija huwakumbatia chini ya mabawa akakimbia nao, miguu yao midogo ikining'inia kama pindo za shuka. Tazama juu ya mafunjo makavu: yangeyange, korongo wa zambarau, na furukombe akipiga ule ukelele wake ambao kila mtu wa ziwani anaujua hata akiwa Dar. Kwera wa manjano wanasuka vikapu vyao kwenye mabua. Mnandi wamefungua mabawa kukausha kama mashati kwenye kamba.

Halafu sikiliza. Ndani kabisa ya mafunjo yuko ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano, asiyeishi popote pasipo na mafunjo. Utamsikia mara kumi kabla ya kumwona mara moja. Mwongozaji ataigiza sauti yake kwa midomo, ndege ajibu. Hilo ninalistahi kuliko wale wanaotoa simu na kupiga sauti iliyorekodiwa mfululizo. Ndege anadhani mwingine kavamia eneo lake, anahangaika bure asubuhi nzima badala ya kula. Mkiombwa mchague, chagueni midomo.

Nzohe nao wamo humo, swala wa majini mwenye kwato ndefu za kutanuka, lakini mimi sijawahi kuona zaidi ya matete yanayotikisika.

Mtumbwi ukiingia kwenye mkondo mwembamba, mambo yanabadilika. Mafunjo yanapanda juu kuliko kichwa pande zote mbili, kafi inagusa udongo, mwongozaji anasimama na kuanza kusukuma kwa pondo. Hapo acheni maneno. Sauti ya binadamu inatembea sana juu ya maji, na simu ikilia hapo mtapata macho ya mpiga kasia ambayo hamtayasahau.

Unatafuta nini hasa? Usitafute ndege. Tafuta jiwe la kijivu mahali pasipo na mawe. Anasimama juu ya tandiko la majani yanayoelea, karibu na maji yaliyo wazi upana wa meza. Kwa mbali unaweza kumchanganya na korongo mkubwa wa kijivu wa kawaida, lakini huyo ana shingo ya kamba. Huyu kichwa kimekaa juu ya mabega kama mzee aliyejifunika blanketi. Akiwa angani wengi humchanganya na kongoti, yule wa majalala ya Kampala wanayemwita kalooli. Kongoti ana upara na tumbo jeupe. Korongo-nyangumi ni wa kijivu kila upande, na domo linaongoza kama pua ya boti.

Hatua ya 7: Akionekana

Mara yangu ya pili alikuwa umbali wa kama mita arubaini. Mwongozaji aliacha kusukuma, akachuchumaa, akaashiria kwa kidevu. Hakusema. Tulimtazama naye akatutazama kwa jicho la njano lililopauka, kisha akarudi kwenye maji yake kana kwamba ametuandika kitabuni na kutuacha.

Mwongozaji atakuuliza kwa macho kama asogee. Tikisa kichwa kukataa. Najua unataka picha. Lakini yule ndege amechagua kijidimbwi kile kwa sababu, na ukimwondoa hapo umemnyima kifungua kinywa. Inaweza kumchukua asubuhi nzima kupata pengine. Dalili za kwamba mmesogea mno ni rahisi kuzisoma: ananyoosha shingo, anaacha kutazama maji, anaanza kubadilisha mguu. Akiinama mbele na kulegeza mabawa mmeshachelewa. Mkikuta tago, yaani lundo la majani lenye yai au kifaranga, ondokeni bila kusimama. Hutaga mayai mawili kwa kawaida na mara nyingi kinachokua ni kifaranga kimoja, kwa hiyo hakuna cha akiba.

Mkikaa, mnaweza kulipwa. Sisi tulikaa dakika hamsini. Miguu yangu ilikufa ganzi, mwenzangu mmoja alisinzia kabisa. Halafu ndege akaanguka. Sina neno jingine: aliangusha mwili mzima mbele, mabawa wazi, kichwa cha kwanza, kama mtu aliyekatika kamba. Maji yakaruka. Akainuka na domo limejaa majani na tope, na katikati ya majani mkia wa kamongo ukijipinda. Akaanza kulichezesha domo taratibu, majani yakidondoka moja moja, samaki akibaki. Kingo za lile domo ni kali. Alimkata kichwa, akammeza. Akasogea hatua mbili, akasimama tena.

Sikupiga picha hata moja. Simu ilikuwa mfukoni, ndani ya nailoni.

Asipoonekana

Hutokea. Mabamba ndege hawa ni wachache, na kinamasi ni kikubwa. Usimkasirikie mpiga kasia wala usiombe punguzo. Amesukuma mtumbwi kwa muda wa saa tatu, kama ambavyo angesukuma mngemwona. Kinachosaidia ni kuwa umejiwekea siku ya pili ya akiba tangu mwanzo, ndiyo maana nikasema lala karibu. Uliza kama kesho mtumbwi unaweza kuelekea upande mwingine, na mwachie namba yako mwongozaji. Akipata habari usiku atakwambia mapema.

Ukimpa bahashishi, mpe mkononi yule aliyesukuma pondo, tofauti na fedha za ofisini. Na kwa kuwa umeshaelekea saa tano, kula hapo kijijini. Uliza samaki, lakini beba kamusi ya ziwa: sato kwao ni engege, sangara ni mputa. Kamongo usimpigie debe mezani bila kujua umekaa na nani. Buganda kuna ukoo wa Mmamba, mkubwa sana, na kwao huyo ndiye mwiko wa ukoo, haliwi.

Kurudi

Ukirudi kwa upande wa Entebbe na una mchana mtupu, pita bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 pale kando ya ziwa. Shorobo wakubwa wa buluu na hondohondo wanakaa kwenye miti mirefu, na baada ya saa nne za kukunja magoti kwenye mtumbwi utafurahi kutembea. Ghuba ya Lutembe nayo, iliyo karibu zaidi na Kampala upande wa barabara ya Entebbe, iliingia orodha ya Ramsar mwaka 2006 pamoja na Mabamba. Ni ndogo mno na mashamba ya maua yameisogelea, lakini wakati wa wageni wa Ulaya membe wa mabawa meupe huifunika kama mvua ya mawe iliyokataa kuanguka. Huko korongo-nyangumi usimtegemee.

Anayerudi Bukoba au Mwanza, usipande hadi Kampala kutafuta basi. Kata tiketi siku moja kabla kwa simu, uwaambie utapandia Mpigi, na uchukue namba ya kondakta badala ya ile ya ofisini. Simama upande wa kushoto ukiwa umeelekea Masaka, mahali penye mwanga, na umpigie basi likiwa linatoka Kampala. Mabasi hutoka yamejaa, na kiti chako kisipokuwa na mtu pale Kyengera, kuna atakayekikalia.